Nukta Moja au Mbili: Picha za Nyaraka za Njia ya Unyanyembe na Usomaji Wake katika Kompyuta

Tarehe 14 Machi 1872 Henry Morton Stanley aliondoka Kwihara, kilomita chache kutoka ulipo sasa mji wa Tabora, akaanza safari ya kurudi pwani. Miongoni mwa mizigo iliyobebwa na wapagazi wake ilikuwamo shajara kubwa ya David Livingstone, iliyotiwa lakiri ili asiifungue mtu hadi imfikie Agnes, binti wa mwandishi, huko Uingereza. Wataalamu huiita shajara hiyo kwa jina la nchi ilikotoka: Shajara ya Unyanyembe. Leo mwanafunzi aliyeketi Chemchem, mjini Tabora, anaweza kuzifungua kurasa zake katika kivinjari cha kompyuta au cha simu na kuusoma mwandiko wenyewe.

Jambo hilo limezoeleka upesi mno kiasi kwamba ni wachache wanaouliza nini hasa kinachoonekana kwenye kioo. Wasomi wa lugha wamefundishwa kuuchunguza mswada: nani aliunakili, lini, kwa wino gani, na kwa mkono wa nani. Picha ya mswada haijapata kuchunguzwa kwa makini hayo. Huchukuliwa kana kwamba ni mswada wenyewe uliosogezwa karibu. Mhadhara huu unadai kwamba picha nayo ni nakala, kwamba mnakili wake ni mashine na fundi wake, na kwamba kwa Kiswahili cha karne ya 19, hasa kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, makosa ya mnakili huyo yanaweza kubadili maana ya waraka bila kuacha dalili yoyote.

Kilichofichwa na kitabu

Yafaa kuanza na faida, kwa kuwa faida ni kubwa. Kwa zaidi ya karne moja, aliyetaka kujua Livingstone aliandika nini katika miaka yake ya mwisho alikisoma kitabu kilichohaririwa na Horace Waller na kuchapishwa London mwaka 1874 kwa juzuu mbili. Waller alitegemea zaidi Shajara ya Unyanyembe. Lakini shajara hiyo ilikuwa nakala safi. Livingstone aliandika kwanza mambo ya kila siku katika vijitabu na vipande vya karatasi, kisha akayanakili baadaye alipopata utulivu. Msomaji wa kitabu, kwa hiyo, alikuwa akisoma uhariri wa Waller juu ya uhariri wa Livingstone mwenyewe.

Maandishi ya kwanza ya mwaka 1871 yalikuwapo, ila hayakusomeka. Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, akaishiwa karatasi na wino. Alichukua gazeti la The Standard la tarehe 24 Novemba 1869, akaligeuza ubavu, akaandika kukatisha mistari iliyochapwa. Wino alioutumia ulitokana na rangi ya mmea wa huko, ambayo jina lake hutajwa kwa umbo la zingifure. Wahariri wa Kizungu wamelichukua jina hilo kama neno la kigeni lisilo na asili, ilhali msomaji wa Kiswahili halazimiki kwenda mbali. Mzingefuri umo katika kamusi za Kiswahili: ni mti ambao mbegu zake hutoa rangi nyekundu, na jina lake linatokana na neno la Kiarabu la madini ya rangi hiyohiyo. Rangi ya namna hiyo haistahimili miaka. Kufikia karne ya 20 wino ulikuwa umefifia, gazeti limegeuka rangi ya kahawia, na herufi zilizochapwa zimebaki nyeusi juu ya mwandiko uliokaribia kutoweka.

Mnamo mwaka 2010 kurasa hizo zilipigwa picha huko Scotland na kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Adrian Wisnicki, na tarehe 1 Novemba 2011 picha na matini yake vikawekwa kwenye mtandao. Kila ukurasa ulipigwa picha mara nyingi chini ya mianga ya mawimbi 12 tofauti, kuanzia urujuanimno hadi infraredi. Siri yake ni rahisi kueleza. Wino wa kiwandani una masizi, nao hubaki mweusi chini ya mwanga wowote. Rangi ya mmea huonekana vizuri chini ya mwanga wa buluu, lakini chini ya infraredi hutoweka kabisa. Kompyuta ikizilinganisha picha mbili za namna hiyo, huweza kulififisha gazeti na kuuacha mwandiko.

Kilichosomeka kilikuwa na uzito. Tarehe 15 Julai 1871 mamia ya watu, wengi wao wanawake, waliuawa kwa bunduki sokoni Nyangwe, wengine wakazama mtoni walipokuwa wakikimbia. Taarifa ya Livingstone juu ya mauaji hayo ilipofika Uingereza iliongeza nguvu katika madai yaliyozaa mkataba wa Juni 1873 uliofunga soko la watumwa la Zanzibar. Ni ushahidi mkubwa katika historia ya Afrika Mashariki. Ilipolinganishwa shajara ya gazeti na nakala iliyoandaliwa baadaye, ilidhihirika kwamba mwandishi alipunguza ukali wa maneno yake kuhusu watu wa msafara wake mwenyewe, waliotumwa kwake kutoka Zanzibar na ambao walikuwa watumwa wa wafanyabiashara wa Kibaniani. Wisnicki amependekeza kwamba huenda baadhi yao hawakuwa watazamaji tu siku ile. Pendekezo hilo linabishaniwa, na lina haki ya kubishaniwa. La msingi ni kwamba anayebisha anaweza kuifungua picha na kuutazama mstari wenyewe, jambo ambalo msomaji wa Waller hakuweza kulifanya.

Linganisha na hali ya kitabu kinachosomwa zaidi kuhusu njia hiyo kwa Kiswahili, yaani maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, ambaye baba yake alifanya makao Tabora na kuoa binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Tippu Tip aliandika kwa herufi za Kiarabu. Heinrich Brode aliigeuza matini kuwa ya herufi za Kilatini na kuichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, na Wilfred Whiteley akaitoa upya mwishoni mwa miaka ya 1950. Kila tasnifu inayochambua lugha ya Tippu Tip, viambishi vyake, masimulizi yake ya -ka-, mchanganyiko wake wa Kiunguja na lugha ya bara, inachambua kile Brode alichokiona. Irabu zote za kitabu kile ni uamuzi wa Brode. C. G. Büttner alikuwa mwangalifu zaidi katika hilo: katika mkusanyo wake wa maandishi ya Kiswahili wa mwaka 1892 aliambatisha kurasa kadhaa za picha za hati zenyewe, ili msomaji apime usomaji wake. Miaka mingi kabla ya skana, Büttner alikwisha kuielewa kanuni.

Uzito wa ukurasa

Baada ya faida, gharama. Ukurasa mmoja wa ukubwa wa A4, ukiskaniwa kwa rangi kwa pikseli 300 katika kila inchi, huwa na pikseli karibu milioni 8.7. Kila pikseli ya rangi huhitaji baiti 3, kwa hiyo ukurasa huo mmoja, usipobanwa, una megabaiti 26. Kwa simu ya waya na modemu iliyotumika katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukurasa huo ungechukua zaidi ya saa moja kushuka hata kama laini isingekatika, na wote waliofanya kazi miaka ile wanajua kwamba ilikatika. Fundi alikuwa na njia ya mkato: kuifanya kila pikseli iwe nyeusi au nyeupe, bila rangi na bila kijivu. Mara moja uzito hupungua mara 24, hata kabla ya kubana. Njia hiyo ilienea sana, na nyaraka nyingi zilizoskaniwa kipindi kile zimehifadhiwa katika umbo hilo tu.

Palikuwa pia na kikwazo cha muundo wa faili. Maktaba zilihifadhi picha zao katika muundo wa TIFF, uliobuniwa mwaka 1986 kwa ajili ya uchapaji, na vivinjari vingi havijapata kuufungua. Msomaji alilazimika kuingiza programu-jalizi, au kuipakua picha nzima na kuifungua kwa programu nyingine. Muundo wa DjVu, uliotoka katika maabara za AT&T miaka ya 1990, ulitatua tatizo la uzito kwa ustadi, lakini nao ulidai programu-jalizi yake. Kisha Chrome mwaka 2015 na Firefox mwaka 2017 viliacha kuzipokea programu-jalizi za aina hiyo, na mwaka 2016 Internet Archive ikaacha kutengeneza mafaili ya DjVu. Hati ambazo zilionekana jana zikawa hazionekani leo, ingawa hakuna aliyezifuta. Asomaye historia ya maandishi hatashangaa. Papirasi nazo ziliachwa pale vitabu vya ngozi viliposhinda.

Suluhisho lililodumu halikuwa la kupunguza picha, lilikuwa la kuigawa. Picha kubwa hukatwa vipande vidogo vya mraba kama vigae, na kivinjari huomba vile tu ambavyo msomaji anavitazama kwa wakati huo. Akikuza pembe ya chini ya ukurasa, vigae vya pembe hiyo ndivyo vinavyotumwa. Tangu mwaka 2011 maktaba kadhaa kubwa zilianza kuafikiana juu ya kanuni za pamoja za kazi hiyo, zinazojulikana kwa kifupi cha IIIF, ambazo zinamwezesha msomaji kuweka kandokando kurasa za maktaba mbili zilizo katika nchi mbili. Baada ya mkongo wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, hoja ya kwamba picha kamili ni nzito mno kwa msomaji wa Tanzania imeendelea kupungua nguvu.

Frasila tano, frasila nane

Kwa nini haya yamhusu mwanaisimu? Jibu limo katika nukta.

Herufi be, te, the, nuni na ye za Kiarabu, zinapokuwa mwanzoni au katikati ya neno, zina umbo moja: jino dogo juu ya mstari. Zinatofautishwa kwa nukta tu, idadi yake na mahali pake. Mwandishi wa Kiswahili aliongeza ugumu wake. Be ilibeba sauti ya b, mara nyingi ya p, na mara nyingi pia ya mb, kwa sababu nazali iliyotangulia haikuandikwa. Neno pembe, bidhaa iliyoijenga Tabora, liliweza kuandikwa kwa be mbili tu, na msomaji akategemea muktadha. Irabu, pale zilipotiwa, zilikuwa mikwaruzo midogo juu au chini ya herufi, midogo kuliko nukta.

Chukua mfano wa barua ya biashara inayotaja pembe zilizopelekwa pwani kwa uzito wa frasila, kipimo cha kilo 16 hivi. Mwandishi anaandika tano kwa te, alifu na nuni. Angetaka nane, angeandika nuni, alifu na nuni. Irabu ya mwisho ikiachwa au ikififia, tofauti ya maneno hayo mawili ni nukta moja: te ina mbili juu yake, nuni ina moja. Karatasi ikiskaniwa kwa weusi na weupe mtupu, mashine huamua kwa kila pikseli kama ni wino au siyo, kwa kizingiti kimoja kilichowekwa kwa ukurasa mzima. Nukta mbili zilizokaribiana hushikana zikawa moja. Nukta iliyofifia hufutwa. Tundu la mchwa au doa la unyevu huzaliwa kuwa nukta mpya. Msomaji aliye mbele ya kioo anaona nukta nyeusi, safi, isiyo na shaka. Frasila tatu, karibu kilo 48 za pembe, zimeongezeka au zimepotea. Katika karatasi yenyewe angeona kwamba doa ni la kahawia na wino ni mweusi. Rangi, ambayo fundi aliiona kuwa anasa, ndiyo iliyokuwa ushahidi.

Hofu hii si ya kubuni. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel aligundua kwamba baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu katika nyaraka zilizoziskani. Katika ramani moja ya jengo, vyumba vitatu vyenye ukubwa tofauti vilitoka vyote na mita za mraba 14.13. Sababu ilikuwa mbinu ya kubana faili ambayo hutafuta alama zinazofanana katika ukurasa, huhifadhi moja, na kuirudia mahali pa nyingine. Mashine ikiona 6 na 8 zinakaribiana, huchagua moja. Kampuni ilitoa marekebisho ya programu. Tarakimu za Kilatini zilizochapwa ziko mbalimbali na ni wazi, bado zilichanganywa. Hati ya mkono ambayo meno yake yanatofautiana kwa nukta ipo katika hatari kubwa zaidi, na hakuna mchoraji ramani wa kugutuka na kuuliza.

Wapo watakaosema kwamba msomaji hodari wa hati za Kiarabu hatoki nje ya muktadha na hatadanganywa na nukta. Ni kweli kwa tenzi, ambazo vina na mizani humwongoza. Utenzi una kinga ndani yake. Barua ya biashara, hesabu ya mizigo, orodha ya majina ya wapagazi, havina vina. Na katika majina ya watu na vijiji vya Unyamwezi, ambayo mwandishi kutoka pwani aliyasikia tu kwa sikio, muktadha hausaidii hata kidogo. Hapo ndipo historia ya Kiswahili cha bara ilipo, na hapo ndipo utafiti umekuwa haba.

Milango na funguo

Picha za miswada ya Kiswahili zinazofunguka kwa kivinjari sasa ni nyingi. Chuo cha SOAS, London, kiliorodhesha miswada yake katika miaka ya 2000, ikiwemo ile iliyotoka kwa W. E. Taylor, William Hichens na Yahya Ali Omar, na mingi imewekwa mtandaoni. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha chini ya mpango wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini. Dar es Salaam, maktaba ya Chuo Kikuu ina hazina ambayo J. W. T. Allen aliichapishia orodha mwaka 1970. Nyaraka mbili za kumbukumbu za Tanzania zimo katika rejesta ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia: majalada ya utawala wa Kijerumani tangu mwaka 1997, na miswada na vitabu vya Kiarabu vya Zanzibar tangu mwaka 2003.

Lakini kutazama si kumiliki. Mnamo Oktoba 2023 British Library ilishambuliwa na wahalifu wa mitandao, na huduma zake nyingi za mtandaoni zilisimama kwa miezi. Aliyekuwa akiwasomesha wanafunzi wake kwa kutegemea kiungo cha London alibaki na kiungo kisichofunguka. Waliopakua mafaili kamili waliendelea na kazi. Ndiyo sababu mradi wa shajara ya mwaka 1871 unastahili sifa kwa jambo ambalo halikutangazwa sana magazetini: uliacha wazi picha ghafi za kila wimbi la mwanga, pamoja na zile zilizokwisha kurembwa, ili mwingine azichakate upya.

Kizuizi kilichobaki ni cha maneno. Kivinjari hakitafuti ndani ya picha; hutafuta katika maelezo yaliyoandikwa kando yake, na maelezo hayo huandikwa kwa lugha na mtazamo wa mwenye maktaba. Barua huingizwa chini ya jina la Mzungu aliyeipokea. Aliyeiandika hutajwa kama “mwandishi asiyejulikana” hata pale alipotia jina lake chini. Tabora itapatikana kama Kazeh, kama Unyanyembe, kama Tabora, kutegemea nani aliandika na mwaka gani, na anayetafuta jina moja hukosa mawili. Mwanafunzi mwenye kujua Kiswahili, hati za Kiarabu na majina ya vijiji vya Uyui na Sikonge ana ujuzi ambao maktaba za Ulaya hazinao, na maelezo mazuri ya waraka mmoja ni kazi ya siku chache.

Mfano wa Jacob Wainwright unaonyesha pengo linaloweza kuzibwa. Alikuwa Myao, aliyeokolewa utotoni kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa na kusomeshwa katika shule ya misheni ya Nasik, India. Agosti 1872 alifika Unyanyembe na kundi la watu zaidi ya 50 ambalo Stanley alilituma kutoka pwani kumsaidia Livingstone. Livingstone alipofariki kwa Chitambo mwaka uliofuata, Wainwright ndiye aliyechonga jina lake na tarehe kwenye mti, na ndiye aliyeandika shajara ya safari ya kuubeba mwili hadi pwani. Oktoba 1873 msafara huo ulifika tena Kwihara, ukamkuta Luteni Cameron, ambaye alishauri mwili uzikwe hapohapo. Wakakataa.

Shajara ya Wainwright ilichapishwa kwa tafsiri ya Kijerumani mwaka 1874, na kwa miongo mingi tafsiri hiyo ndiyo iliyonukuliwa. Mswada wa mkono wake mwenyewe, kwa Kiingereza, ulihifadhiwa Blantyre, Scotland, katika nyumba ya makumbusho ya Livingstone. Picha zake ziliwekwa mtandaoni mwaka 2019. Wainwright alifariki mwaka 1892 huko Urambo, magharibi ya Tabora. Mwanafunzi wa sekondari wa Urambo anayetaka kuuona mwandiko wa mtu huyo aliyefia wilayani kwake anaufungua sasa kwenye simu, anaukuza kwa vidole viwili, na kuona mahali alipochovya kalamu upya na mahali wino ulipomwishia katikati ya neno.